Nondo 93 zilizopotea Masasi: kisa cha stoo, daftari na faili la Excel

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi Masasi, si kubwa wala si dogo: saruji, nondo, mabati, misumari, nyaya za umeme, rangi na vikorokoro vya mabomba. Mwenye mali ni mama mmoja, kaunta ina karani, na stoo ina kijana anayeshika funguo. Tarehe 31 Desemba 2024 wanahesabu mali kwa mara ya kwanza tangu waanze kuandika kwenye kompyuta Julai 1. Kompyuta inasema nondo za mm 12 ziwe 187, zilizopo ni 94. Waya wa mm 1.5 uwe mita 212, uliopo ni mita 85. Misumari ya inchi nne imepungua kilo 6, na mabati ya geji 30 yamepungua 40.

Kwa bei za dukani (nondo 26,000, waya 1,500 kwa mita, misumari 4,500 kwa kilo, bati 24,000) pengo ni shilingi 3,595,500. Na funguo ni za mtu mmoja.

“Mama, mimi sijachukua hata msumari.”

“Sijasema umechukua, mwanangu. Kompyuta ndiyo inasema.”

Kompyuta haikusema hivyo. Ilichofanya ni kujumlisha yaliyoandikwa kuwa yameingia, ikatoa yaliyoandikwa kuwa yametoka, ikaonyesha salio. Kabla hajaguswa mtu ni lazima yapimwe maandishi yenyewe. Hata kisheria haraka ingemponza mama: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwajiri kufidia hasara kwa kukata mshahara tu kwa amri yake, bila mfanyakazi kukubali kwa maandishi na kupewa nafasi ya kujieleza.

Sababu ya kununua kompyuta ilikuwa nzuri. Mapema Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi maeneo ya Somanga, malori ya mizigo yalikwama na duka halikujua lina nondo za kutosha siku ngapi. Daftari lilikuwapo, lakini kupata salio kwenye daftari ni kazi ya nusu siku, na ukishalipata limeshapitwa. Juni wakanunua kompyuta ya mezani iliyotumika, karani akatengeneza faili la Excel: tarehe, jina la bidhaa, imeingia au imetoka, idadi, bei, jumla. Si vibaya kwa kuanzia. Kasoro zilikuwa ndani.

Dalili ya kwanza ilikuwa kwenye ripoti ya miezi. Faili lilianza Julai, lakini ripoti ilionyesha mauzo ya Januari, Februari, mpaka Juni. Halafu Novemba, mwezi ambao hela ya korosho inaanza kuingia mikononi na watu wanaezeka, ilionekana dhaifu kama kiangazi. Mtu akiona duka limeuza Januari kabla halijaanza kuandika, aache kila kitu aende kwenye kolamu ya tarehe.

Ukiipanua ile kolamu unaliona tatizo kwa macho, bila fomula. Excel huipeleka tarehe halisi upande wa kulia wa seli, na maandishi upande wa kushoto. Kuanzia tarehe 1 mpaka 12 ya kila mwezi maandishi yameegemea kulia. Kuanzia 13 mpaka mwisho wa mwezi yameegemea kushoto. Kompyuta ilikuja na mpangilio wa Marekani, unaosoma mwezi kwanza. Karani akiandika 03/11/2024 akimaanisha Novemba 3, mashine inaweka Machi 11. Akiandika 13/11/2024, mashine inatafuta mwezi wa kumi na tatu, haiuoni, inaacha kama maneno matupu. Kwa hiyo kilichoitwa mauzo ya Novemba kilikuwa jumla ya tarehe 11 Julai, 11 Agosti, 11 Septemba, 11 Oktoba, 11 Novemba na 11 Desemba. Siku sita za miezi sita. Januari nayo ilibeba tarehe mosi zote. Siku zilizobaki, kuanzia 13, hazikuwa kwenye mwezi wowote.

Kubadilisha mpangilio wa Windows (Settings, Time & language, halafu sehemu ya Region, uchague English ya Uingereza) kunatibu yatakayoandikwa kesho tu. Yaliyokwisha kuingia hayajirekebishi, kwa sababu Machi 11 imeshahifadhiwa kuwa Machi 11. Weka kolamu mpya pembeni, na kama tarehe ziko kolamu A andika:

=IF(ISNUMBER(A2),DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))

Sehemu ya kwanza inabadilishana siku na mwezi pale mashine ilipogeuza. Ya pili inajenga tarehe kutoka kwenye maneno. Inafanya kazi kama zimeandikwa kwa tarakimu mbili, mbili na nne. Iwekwe kwenye mistari ya zamani peke yake. Ukiishusha mpaka kwenye iliyoandikwa baada ya kubadili mpangilio, utaharibu zilizo sahihi, na safari hii hakuna dalili itakayokuonyesha.

Kosa la tarehe halikula hata nondo moja, maana salio halitumii tarehe. Lakini liliondoa njia ya kufuatilia. Tarehe ziliponyooka, duka likapata shahidi ambaye halikuwa limemfikiria: mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi. Kila siku inapofungwa, mashine hutoa ripoti ya Z yenye jumla ya mauzo ya siku ile, na karani alikuwa akizibana zote kwenye klipu. (Karatasi ya EFD ni ya joto, hufifia, na kwa hali ya hewa ya kusini hufifia mapema. Ripoti ya Z ipigwe picha siku ileile.) Jumla ya kila siku kwenye Excel ikalinganishwa na Z ya siku hiyo. Siku nyingi zikakubaliana. Zilizokataa ndizo zenye habari.

Baadhi zilikataa kwa sababu ya alama. Karani wa kaunta akiwa na foleni huandika 26,000/= kama anavyoandika kwenye daftari. Ile /= inaigeuza namba kuwa maneno, na SUM, fomula ya kujumlisha, ikikutana na maneno inayaruka kimya kimya. Ungejumlisha kwa alama ya + ingelalamika; SUM hailalamiki. Kwenye kolamu ya idadi kosa ni lilelile: nondo 5 ziliandikwa “vipande 5”, zikatoka dukani bila kutoka kwenye salio.

Makosa mengine hayakugusa jumla ya siku, kwa hiyo Z haikuyaonyesha: yalikuwa kwenye majina. Excel haijali herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo NONDO 12MM na nondo 12mm ni kitu kimoja. Nafasi inaijali: nondo 12mm na nondo 12 mm ni bidhaa mbili, na jina lenye nafasi isiyoonekana mwishoni ni la tatu. Tena mafundi hawasemi mm 12, wanasema nondo ya nusu. Karani akaandika alivyosikia, nondo 7 zikauzwa kwa jina ambalo stoo haikuwa nalo. Saba na zile tano ni 12. Bado zaidi ya 80.

Sasa vipimo, na hapa ndipo duka lilipoumia zaidi. Nondo hununuliwa kwa tani na kuuzwa kwa kipande. Mtu alishawahi kusema tani moja ni nondo mia, karani akaandika mia, na kila tani iliyoshuka ikaingia kwenye kompyuta kama vipande 100. Lakini uzito wa nondo unajulikana: zidisha kipenyo kwa chenyewe, gawa kwa 162, unapata kilo kwa mita. Mm 12 ni 144 kwa 162, kilo 0.889 kwa mita. Nondo ya mita 12 ni kilo 10.67. Tani moja inatoa 93 na ushee, katika tani tisa vipande 844. Delivari za mzigo zilizokuwa kwenye klipu, zile anazosaini kijana wa stoo baada ya kuhesabu wakati wa kushusha, zilionyesha hivyohivyo: 844. Kompyuta iliandikiwa 900. Nondo 56 hazikuwahi kufika Masasi. Hazikuibiwa na mtu, zilizaliwa kwenye kibodi.

Kwa vipimo vingine vya mita 12, tani moja ya mm 8 ni kama vipande 211, mm 10 ni 135, mm 16 ni 52 na ushee. Zitumike kukagua mzigo. Kinachoandikwa kwenye faili ni hesabu ya mkono ya siku ya kushusha, basi. Na tani ya mm 12 ikitoa vipande 104 usishangilie: kila kimoja kina kilo 9.6, maana yake ama ni kifupi au kipenyo chake ni mm 11.4. Fundi atakayezimwagia zege hatakuwa na habari.

Ubaya wa ile mia haukuishia stoo. Bei ya kuuzia ilipangwa juu yake. Tani ilifikishwa dukani kwa 2,150,000. Ukigawa kwa 100, nondo moja imegharimu 21,500, na ukiuza 26,000 unajiona na 4,500. Gawa kwa 94, hata bila kumpunguzia mteja bei: gharama ni 22,872, faida 3,128. Fundi anayechukua nyingi alikuwa anapunguziwa mpaka 24,000, mama akiamini anabakiza 2,500. Alikuwa anabakiza 1,128, kabla ya kulipa walioshusha, umeme na mshahara. Kwa maoni yetu ugunduzi huu peke yake unalipa gharama ya kompyuta, na usingepatikana kama watu wangeishia kumtazama kijana kwa jicho baya.

Waya ulikuwa na ugonjwa huohuo katika sura nyingine. Rola imeandikwa 100, na herufi ndogo zinazofuata hakuna anayezisoma: ni yadi. Yadi moja ni mita 0.9144, hivyo rola ni mita 91.44. Rola moja mpya ikafunguliwa ikanyooshwa sakafuni, tepu ikapita kutoka mlango wa stoo mpaka kaunta mara kadhaa. Ikaishia mita 91 na kipande. Rola 14 zilizokatwa kwa mita katika miezi sita, kila moja pungufu ya mita 8.56, ni karibu mita 120. Pengo lilikuwa 127. Mita saba zilizobaki ni za kukata kwa mkono uliofunguka, na kwa rola 14 hilo ni la kawaida.

Misumari tusiihangaikie. Katoni 11 za kilo 25 ni kilo 275. Kupungua kilo 6 ni kama asilimia mbili, mizani ya rejareja hula kiasi hicho.

Kilichobaki kilikuwa kwenye daftari la madeni, na hapa msimu wa kusini una mkono wake. Kuanzia Julai mpaka Septemba mtu ana nyumba imefika kwenye lenta, hela yake bado iko juu ya mkorosho. Anakuja kwa mama, wanajuana, anachukua mabati kwa makubaliano ya kulipa minada ikianza Oktoba na malipo ya chama cha ushirika yakiingia benki. Mama anaandika kwenye daftari lake na mali inatoka. Kompyuta haiambiwi mpaka siku ya kulipa, na asiyelipa haandikwi kabisa. Daftari lilipowekwa mezani lilikuwa na nondo 30 na mabati 38. Mabati mawili yaliyobaki yalikuwa nyuma ya stoo, yamepinda, hakuna aliyeandika kwamba yameharibika.

Turudi kwenye nondo 93. Zilizozaliwa na tani ya mia, 56. Zilizoko kwa wadaiwa, 30. Jina lisilo lake 7, “vipande” 5. Hiyo ni 98, inazidi pengo, na kuzidi nako ni kosa la kutafutwa: fundi mmoja alirudisha nondo 7 zilizobaki kazini, zikapangwa na wenzake bila kuandikwa. Zinabaki 91 zenye maelezo na mbili zisizo na maelezo. Mbili hizo ziliandikwa kwenye faili kama TOFAUTI, tarehe 31 Desemba, mama na kijana wakasaini karatasi yake. Wasizilazimishie sababu. Faili lenye tofauti ndogo iliyoandikwa linaaminika kuliko lile lililofutwafutwa mpaka likakubali.

Katika zile 3,595,500, shilingi 1,692,000 ni deni la kukusanya, lina majina na namba za simu. 1,456,000 ni nondo za kwenye kibodi.

Faili lilijengwa upya kwa shiti nne. Ya kwanza, Bidhaa: namba fupi ya bidhaa (ND12, ND16, WY15, BT30), jina, kipimo cha kununulia, kipimo cha kuuzia, bei ya kuuzia, na mgawo, yaani kimoja cha kununulia kinatoa vingapi vya kuuzia. Rola ya waya mgawo wake ni 91. Nondo haina mgawo. Inaingia kwa hesabu ya mkono. Ya pili, Miamala, ina mistari tu: tarehe, namba ya bidhaa, aina, idadi, bei, namba ya risiti, njia ya malipo. Aina ni tano, si zaidi: INGIA, UZA, KOPA, RUDI, HARIBIKA. Namba na aina haziandikwi, zinachaguliwa kwenye orodha, kwa Data, Data Validation, List. Kolamu ya idadi imefungwa ikubali namba tupu, kwa hiyo “vipande 5” sasa inakataliwa papo hapo. Ya tatu, Salio, inafanya hesabu kwa SUMIFS: INGIA jumlisha RUDI, toa UZA, KOPA na HARIBIKA. Ya nne, Madeni.

Mtego uko kati ya KOPA na Madeni. Mali inapotoka kwa mkopo, mstari unaandikwa KOPA siku ileile na risiti inakatwa siku ileile. Mteja akija kulipa, malipo yanaingia Madeni peke yake. Karani akizoea kuandika UZA kila anapoona fedha, bati moja litatoka stoo mara mbili, na Desemba ijayo mali itaonekana imezidi. Bei nayo inavutwa kutoka shiti ya Bidhaa kwa VLOOKUP, na neno FALSE mwishoni ni la lazima. Ukiliacha, Excel inaridhika na jibu la kukaribia, na kwenye orodha isiyopangwa inaweza kuleta bei ya saruji kwenye mstari wa rangi.

Asiye na leseni ya Excel atumie LibreOffice Calc, ni ya bure na fomula hizi zote inazikubali. Ni bora kuliko Office ya kuchonga inayouzwa kwenye flashi, ambayo mara nyingi inakuja na wageni wake, yaani virusi.

Umeme: UPS (betri ya akiba) ya 650 VA inaishikilia kompyuta ya mezani dakika chache, zinatosha kusevu na kuzima, printa ya leza isichomekwe humo. Kompyuta iliyotumika ina jambo lingine la kuangalia. Ikizimika na kuwaka na tarehe ya miaka ya nyuma, betri ndogo ya saa ndani yake, CR2032, imekufa, na karani anayeweka tarehe kwa Ctrl na ; ataandika ya uongo siku nzima. Kubadilisha ni dakika tano. Nakala ya faili iwekwe jioni kwenye flashi inayokaa nyumbani, isiyochomekwa kwenye mashine za watu, na mara moja kwa wiki mtandaoni. Kutegemea mtandao peke yake hatukushauri. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu, nchi nzima ilihangaika.

Muuzaji wa programu za maduka akija kusema Excel imepitwa na wakati, aulizwe matatu kabla ya hela kutoka. Inaweza kununua kwa tani au rola na kuuza kwa kipande au mita? Inauza intaneti ikiwa imekata? Siku tukiachana, data zangu zinatoka kwa faili ninaloweza kufungua? Duka likifungua tawi Newala, programu ya namna hiyo itahitajika, kwa kuwa faili moja la Excel haliendeshwi na kaunta mbili. Kwa kaunta moja, faili linatosha.

Kuhesabu mali yote mara mbili kwa mwaka kumeachwa. Nondo, waya na mabati zinahesabiwa kila Jumamosi kabla ya kufunga, saruji kila siku kwa kuwa mifuko hupasuka, na rangi mara moja kwa mwezi. Anahesabu karani, kijana wa stoo anaandika, na salio la kompyuta hawaoneshwi mpaka karatasi isainiwe.